Barafu ya Kila Ijumaa

Keki ya tatu ilipoharibika, Mama Keki hakulia. Alifungua mlango wa friji, akagusa krimu kwa ncha ya kidole, na kidole kikatoka kimelowa kitu chepesi kama maziwa. Akaufunga mlango taratibu, akajifuta kwenye aproni, akaenda hadi kwenye mlango wa chumba alichokuwa akilala wifi yake. Hakubisha hodi. Alisimama pale nje, akasema, kwa sauti ambayo hata jirani wa ghorofa ya chini aliisikia, kwamba mtu anayetaka kumkata mwenzake riziki amkate waziwazi wakitazamana, asijifiche nyuma ya friji.

Mle ndani cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Jina la Mama Keki alipewa na mtaa. Alikuwa akioka keki za harusi na za siku za kuzaliwa katika jiko la nyumba yao ya kupanga, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili. Mumewe alikuwa karani katika ofisi ya bima, mtu nadhifu, mpole, asiyependa ugomvi, na watani walimwita Baba Keki ingawa hata yai la kukaanga lilimshinda. Waliishi vizuri wawili hao. Binti yao alikuwa shule ya bweni, na chumba chake kilikaa kitupu muhula mzima.

Ndipo ndoa ya wifi ikavunjika. Alikuja miezi minne kabla ya ile Ijumaa, na cherehani yake, masanduku mawili na marobota ya vitambaa. Akapewa chumba cha binti. Marobota hayakuenea, yakamwagikia sebuleni, yakapangwa ukutani mpaka yakafunika soketi ya televisheni. Mama Keki hakununa. Alijua huyu mwanamke ni nani kwa mumewe: dada mkubwa, aliyeacha shule akiwa bado mdogo ili kaka yake asome, aliyemfulia sare na kumkatia nywele na kumpiga makofi alipostahili. Mwezi wa kwanza alimwandalia chai kila asubuhi na kumwita wifi yangu mpenzi.

Mwezi wa pili friji ikaanza vituko.

Ilikuwa friji nzuri, haijatimiza miaka mitatu, friza juu na sehemu ya kawaida chini, ya aina ile isiyogandisha barafu ukutani. Sasa ikawa inagandisha. Jumatatu ilikuwa nzima kabisa. Jumatano ukuta wa nyuma wa friza ulianza kuota weupe. Alhamisi feni ya ndani ilianza kukwaruza, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Ijumaa feni ilinyamaza, hewa ya baridi ikakwama juu, na huku chini, kwenye krimu na siagi na keki zilizokwisha kupambwa, kukawa na joto la kabati. Harusi nyingi hufungwa Jumamosi. Jumamosi Mama Keki alikuwa hana cha kupeleka. Halafu Jumatatu, bila mtu kugusa chochote, friji ilikuwa nzima tena.

Hilo la siku ndilo lililomkosesha usingizi. Alilizungusha kichwani akiwa anachapa mayai, akiwa anapaka keki, akiwa kitandani. Mashine haina kalenda. Haijui Ijumaa wala Jumatatu. Mtu ndiye anayejua kwamba Ijumaa friji imejaa keki za watu.

Alianza kwa mafumbo. Alisema hewani kwamba kuna watu wakifungua mlango hawajui kuufunga. Wifi naye akajibu hewani kwamba kuna watu wanaingiza sufuria za moto kwenye friji halafu wanatafuta mchawi. Kutoka hapo wakahamia kwenye vitendo. Wifi aliandika alama ya kalamu kwenye chupa yake ya maji. Mama Keki akabandika utepe wa gundi katikati ya rafu, huku kwake, huku kwa mwenzake, na upande wa mwenzake ulitosha nyanya nne. Wifi akaacha kula mezani. Alipika chake, saa zake, akaosha sufuria yake moja na kuondoka nayo chumbani kama inaweza kuibwa. Walipopishana kwenye ukumbi mwembamba, kila mmoja aligeuza bega ili nguo zisigusane.

Baba Keki aliyaona yote. Kila mmoja alimshtakia mwenzake kwake, naye akamjibu kila mmoja kwamba wataelewana tu, wapeane muda. Kisha alichukua simu yake.

Fundi walimpata kupitia muuza vipuri. Watu walimwita Polepole, kwa sababu akikaza skrubu alionekana kama anaisalimia kwanza. Mara ya kwanza alikuja Jumatatu, akakuta friji inafanya kazi kama kawaida. Alizibua tundu la kutolea maji, akaondoka. Mara ya pili alikuja Jumanne, akabadilisha hita, ule waya wa moto unaoyeyusha barafu nyuma ya friza. Ijumaa ile ile ikagoma tena, na Mama Keki akampigia simu akamwita tapeli, akamwambia kwamba kazi anayoiweza ni kukunja noti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alisema atakuja Ijumaa inayofuata, na kwamba asizime kitu, asitoe kitu, asifute hata tone.

Ijumaa hiyo ndiyo ile ya keki ya tatu. Alifika saa kumi jioni na mfuko wake wa vifaa, akiwa na uso wa mtu anayejua kwamba hatapewa chai. Mama Keki alimfungulia mlango bila kumjibu salamu vizuri. Baba Keki naye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, shati jeupe limenyooka toka asubuhi, akasimama kwenye mlango wa jiko. Wifi aliposikia sauti ya fundi alitoka chumbani, akaegemea ukuta kwa nyuma, mikono kifuani. Alisema safari hii anataka kusikia kwa masikio yake, asije akasimuliwa.

Polepole alitoa vyakula vyote vya friza, akafungua skrubu za paneli ya nyuma, akaivuta. Barafu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa nene kama mto wa kulalia, imeyameza mabomba yote ya kupoozea, imeibana feni mpaka mapanga yake hayaonekani. Aliitazama kwa muda, kwa heshima fulani.

"Hapo ndipo baridi yako ilipo, mama," alisema. "Imefungiwa ndani."

Mama Keki alimwambia hilo hata yeye analiona, hakuhitaji kuita fundi kumwonyesha barafu.

Mzee hakukasirika. Alichukua mita yake, akapima hita. Nzima. Akapima kihisio cha joto. Kizima. Akafungua kifuniko cha bodi, ule ubao wa umeme unaoendesha mashine, akaunganisha nyaya mbili kwa sekunde chache ili kuilazimisha friji ijiyeyushe. Dakika haikupita, wakasikia mlio mdogo wa kitu kinachopasuka, na maji yakaanza kudondoka. Barafu ilikuwa inayeyuka vizuri kabisa.

Hapo Polepole akavuta kigoda, akakaa. Aliwaeleza bila haraka. Kila kitu kinafanya kazi kikiambiwa. Tatizo ni kwamba hakiambiwi. Bodi ya friji hii huhesabu saa. Zikifika thelathini mfululizo, huwasha hita, hita huyeyusha barafu, basi, kazi huanza upya. Lakini umeme ukikatwa hata kwa dakika moja, bodi husahau ilikuwa imefika wapi, huanza tena kwenye moja. Akauliza kama umeme unakatika sana. Mama Keki akasema mwezi mzima haujakatika hata mara moja.

Mzee akapiga magoti, akaingiza kichwa nyuma ya friji, akamulika kwa tochi. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika plagi mkononi.

"Tazameni waya huu," alisema. "Una vumbi la miaka. Sasa tazameni plagi."

Plagi ilikuwa safi. Vyuma vyake vilikuwa vinang'aa, na pembeni, pale vidole vinaposhika, plastiki ilikuwa imelainika. Soketi yenyewe ilikuwa imelegea kidogo.

"Kuna mtu anaichomoa hii," fundi alisema. "Haichomoi kwa muda mrefu, la sivyo barafu ingeyeyuka yenyewe. Anaichomoa kidogo, anairudisha. Karibu kila siku. Nadhani kuna siku moja huwa anapumzika, ndiyo maana wiki inaanza vizuri."

Yale maji yaliendelea kudondoka.

Mama Keki aligeuka. Miezi mitatu alikuwa akisubiri neno hilo, na sasa limesemwa na mtu wa nje, tena mbele ya mumewe. Alimwuliza wifi kama amesikia. Wifi akasema amesikia, na kwamba hajawahi kuigusa plagi ile tangu aingie nyumba hii. Mama Keki akamwuliza nani basi, panya? Wifi akafungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Alimtazama kaka yake. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa. Baba Keki alikuwa ameinamisha kichwa kwenye simu, kidole kinapandisha na kushusha.

Ukimya ule Mama Keki aliuchukua kama kukiri. Akasema maneno ambayo alikuwa ameyabeba kwa wiki kadhaa na kuyarudisha tumboni kila mara.

"Ndiyo maana mume wako alikurudisha. Aliona mapema."

Uso wa wifi ulibaki vilevile, ila mikono ilishuka kutoka kifuani ikaning'inia. Fundi aliinama akaanza kukusanya skrubu zake, ingawa bado alikuwa anazihitaji.

"Jamani, basi," Baba Keki alisema. "Tumshukuru fundi. Mengine tutayamaliza wenyewe."

Dada yake aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akarudi chumbani, akafunga mlango, na cherehani haikusikika tena siku hiyo.

Fundi alimaliza kazi, akarudisha paneli, akachomeka plagi. Mpaka jua linazama friji ilikuwa inanguruma vizuri. Mama Keki akachapa krimu nyingine, akapamba keki upya, akaiingiza ndani. Alipomaliza hakwenda kulala chumbani. Alijinyoosha kwenye kochi sebuleni kati ya marobota ya vitambaa, kwa sababu alikuwa ameshaamua: ataamka kabla ya kila mtu, akae jikoni, amkamate wifi yake mkono ukiwa kwenye plagi. Aliona kabisa atakavyosema.

Saa kumi na moja na robo alfajiri alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya friji, taa haijawashwa, kanga mabegani. Kawaida yake ilikuwa kuamka saa moja, kwa sababu kazi ya keki ilimchosha, na wakati huo mumewe anakuwa ameshaondoka. Hakuwahi kuliona jiko lake saa hizo.

Wifi alikuja wa kwanza. Aliwasha taa, akamwona. Hakushtuka. Alichukua chupa yake ya maji yenye alama ya kalamu, akajaza bilauri, akanywa palepale akiwa amesimama, akaosha bilauri. Plagi hakuitazama hata kwa bahati mbaya. Akarudi chumbani, na Mama Keki akabaki na maneno yake mdomoni.

Nusu saa baadaye akaingia mumewe. Alikuwa amevaa tayari, mkoba begani, akitaka kuchukua ufunguo uliokuwa juu ya meza. Alipomwona mkewe akasita.

"Umeamka mapema," alisema.

Mama Keki alikuwa anatazama shati. Kwa miaka kumi na minne hajamwona mwanamume huyu akitoka na shati ambalo halijanyooka. Hata msibani alikwenda na mikunjo miwili iliyonyooka kwenye mikono. Hili alilovaa lilikuwa na makunyanzi kifuani na mgongoni, kama lililolala chini ya godoro.

"Shati lako halijapigwa pasi," alisema.

"Nimechelewa."

Hakuwa amechelewa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mama Keki akageuza shingo polepole, akaitazama pasi. Ilikuwa juu ya kabati la jikoni, kando ya kopo la unga, mahali ilipokuwa imekaa miezi yote hiyo. Zamani ilikaa chumbani kwao. Soketi ya chumbani iliungua mwezi ule ule wifi alipohamia, mume akaahidi kuita fundi umeme, hakumwita. Ya sebuleni ilizibwa na marobota. Jikoni palikuwa na soketi mbili: moja ya oveni, iliyofungwa nyuma ya kabati, na moja ya friji.

"Kila siku unapiga pasi wapi?" aliuliza.

Mumewe alishika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. "Hapa."

"Soketi ipi?"

Mumewe aliitazama plagi ya friji. Hakuhitaji kusema.

Alipoanza kuongea alizungumza haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza bosi wake. Hakuwa anajua. Wangapi wanajua mambo ya bodi na saa thelathini? Dakika kumi tu, shati moja, anachomoa, anarudisha. Jumapili hapigi pasi. Angejua, angeacha siku ya kwanza. Jana ndiyo amejua, fundi aliposema.

"Jana saa kumi," Mama Keki alisema. "Ulijua saa kumi."

"Nilitaka kukwambia tukiwa wawili."

"Nilimtukana dada yako mbele yako. Ulikuwa umesimama pale."

"Mlikuwa mmeshapandisha. Ningesema nini katikati ya moto ule?"

Mama Keki alimtazama mtu huyu mpole, asiyependa ugomvi, akaona kwamba miezi mitatu wanawake wawili wameparurana ili yeye abaki mpole. Kuchomoa plagi angeweza kumsamehe kabla chai haijachemka. Alichukua ufunguo mezani, akamtupia kifuani. Alimwambia aende kazini, aende hivyohivyo na makunyanzi yake, na akiulizwa aseme soketi imeungua.

Alikwenda chumbani kwa wifi. Safari hii alibisha. Aliambiwa aingie, akakuta masanduku mawili yamefunguliwa kitandani na nguo zimekunjwa nusu. Alibaki amesimama karibu na mlango. Akasema amejua ni nani. Wifi akaendelea kukunja blauzi.

"Ulikuwa unajua?" Mama Keki akauliza.

"Namwona kila asubuhi akipiga pasi. Mimi huamka mapema. Sikujua kama ina uhusiano na barafu. Fundi aliposema ndipo nikajua."

"Mbona hukusema?"

Wifi aliweka blauzi chini. "Ningesema, ungeniamini? Ungesema namsingizia ndugu yangu ili nijiokoe. Nikamwachia yeye. Nilimtazama ili aseme. Nimemlea yule, nilifikiri nikimtazama atasema."

Mama Keki aliomba msamaha. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha, na maneno yalitoka moja moja, yamekauka. Alisema alikosea tangu mwanzo, alimpaka matope bure, alitamka neno ambalo mtu hatamki.

"Lile la friji nimekusamehe," wifi alisema. "Lile la mume wangu, hapana. Usiniombe tena."

Akarudi kwenye nguo zake.

Keki ya Jumamosi ilifika harusini ikiwa imesimama imara. Mchana Mama Keki alimpigia simu fundi, akamweleza ni nani aliyekuwa anachomoa, akamwomba radhi kwa lile neno la tapeli. Polepole alisema ameshaitwa vibaya zaidi, na kwamba warekebishe soketi ya chumbani kabla haijachoma nyumba. Hakucheka, na Mama Keki alimshukuru kwa hilo.

Jioni Baba Keki alibisha mlango wa dada yake mara tatu. Mlango haukufunguliwa. Akakaa sebuleni, televisheni imezimwa.

Jumapili wifi akahama. Fundi cherehani mmoja aliyekuwa akimpa kazi alikuwa na chumba nyuma ya duka, mitaa sita kutoka pale. Mkokoteni ukaja asubuhi, vijana wawili wakabeba marobota na masanduku. Cherehani yake wifi hakutaka waiguse, ilikuwa na mguu mbovu unaotaka kujulikana. Aliinua upande mmoja mwenyewe, akashindwa kuuinua mwingine. Kaka yake alinyanyuka kwenye kochi. Dada yake akamwambia akae.

Mama Keki ndiye aliyeshika upande wa pili. Walishuka ngazi za ghorofa mbili hivyo, mmoja kwa kinyumenyume, wakipumzika kwenye kila kona, bila kusema zaidi ya kushoto, taratibu, shusha. Pale chini wakaiweka juu ya mkokoteni, na wifi akaifunga kwa kamba mwenyewe, fundo juu ya fundo. Kisha akafuta mikono.

"Tukikutana njiani nisalimie, nitaitikia," alisema. "Zaidi ya hapo usinitafute."

"Na kaka yako?"

"Huyo anajua mguu wa cherehani hii ulivunjika lini, na ulivunjwa na nani akanyamaza. Anijie mwenyewe akiwa na mdomo."

Mkokoteni ukaondoka. Mama Keki alisimama pale mpaka ukakata kona, akapanda ngazi. Mumewe alikuwa mlangoni. Alimwuliza amesemaje. Mama Keki akampita, akamwambia ni dada yake, mitaa sita si mbali, akamwulize. Mumewe alivaa ndala, akashuka ngazi mpaka kona ya kwanza, akasimama hapo. Baadaye kidogo akasikika akipanda.

Mama Keki alikuwa ameshaingia jikoni, akaanza kubandua ule utepe wa gundi kwenye rafu. Ulikuwa umeshika sana, ikambidi aukwangue kwa kucha.